Nyuzi Arobaini

"Nyuzi arobaini," alisema mpimaji wa maji, akakikung'uta kipimajoto alichokuwa amekikinga chini ya bomba la bafu. "Nani amepunguza moto wa tangi?"

Fundi bomba alilifunga bomba la bafu. Miaka ishirini na miwili alilitunza tangi la maji moto la nyumba ile ya wazee, na siku zote lilikaa kwenye sitini.

Msimamizi wa nyumba alikunja uso. "Kwani arobaini ina ubaya gani?"

"Kwa kuoga, haina. Ila bakteria wa majini ni kama wageni wasio na haya, mama. Kwenye baridi wanalala tu. Kwenye sitini wanakufa. Ukiwapa maji ya uvuguvugu na kutu kidogo ndani ya bomba, wanaita ukoo mzima. Bafu likifunguliwa, mtu anawavuta pamoja na mvuke, moja kwa moja hadi mapafuni."

Katika wiki tatu, homa ya mapafu ilikuwa imeua watatu mle ndani: wazee wawili na muuguzi aliyekuwa akiwaogesha. Muuguzi huyo alikuwa mke wa fundi. Alizikwa juzi.

"Jamaa za wale wazee wanafika saa nane," alisema msimamizi. "Wanataka jina la aliyeligusa tangi."

"Andikeni langu," alisema fundi.

"Mzee, hebu acha utani."

"Nina sura ya utani mimi? Wazee walilalamika kwamba maji yanawachoma. Nikapunguza."

"Ukaweka ngapi?" aliuliza mpimaji.

Fundi alikitupia jicho kipimajoto. "Si umesoma mwenyewe? Arobaini."

Msimamizi alitoa kalamu. "Kwa hiyo umemuua mkeo kwa mkono wako."

"Ndiyo."

Saa nane fundi alisimama mbele ya jamaa wale. Binti wa mmoja wa marehemu alimtemea mate kifuani. Hakujifuta. Alikabidhi funguo na spana, akaondoka kwa miguu.

Makaburini, udongo ulikuwa bado mbichi. Alichuchumaa, akausawazisha kwa kiganja pale mvua ilipoubomoa.

"Yamekwisha, mama watoto. Hakuna aliyekutaja," alisema. "Ila ungeniambia tu kwamba maji yanawachoma, ningewawekea bomba la kuchanganyia maji ya moto na ya baridi, nawe usingeligusa tangi."