Mwijage Akataa Uhuru

"Waitu, bwana wangu, pokea ndizi zako!" Mwijage alipiga kelele akimkimbiza bwana wake katikati ya migomba, mkungu wa ndizi kichwani, jasho likimchuruzika hadi kidevuni.

"Sizitaki!" Lwakatare alijibu bila kugeuka, mkono mmoja ukishikilia kofia isidondoke. "Nimeshakwambia uko huru!"

Kijiji cha Izimbya hakikuwahi kuona mtwazi akiukimbia ushuru wake mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliacha kazi, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Tangu enzi za babu yake Mwijage, ukoo wao ulipeleka ndizi, pombe ya rubisi na jasho lao kwa ukoo wa kina Lwakatare. Ndiyo nyarubanja hiyo: Mukama, mfalme wa Wahaya, alimpenda mtu akamzawadia watu wa kijiji, naye mtu huyo akawa mtwazi, akaketi akisubiri kuletewa. Sasa serikali ya Mwingereza ilikuwa imeamuru kwamba anayelipa ushuru wake kwa mtwazi asifukuzwe. Na bei ya kahawa ilikuwa imepanda vibaya mno. Lwakatare alikitaka kibanja cha Mwijage, shamba lile la migomba, apande mibuni yake, na mtu ambaye ushuru wake haupokelewi, alijiambia, atakuwa na kinga gani?

Lakini msomi kama Lwakatare, aliyesomea misheni ya Kashozi, hasemi mambo kavukavu hivyo. Alikuwa ameazima kwa mapadri kitabu cha historia ya Marekani, na Jumapili baada ya misa aliwakusanya watu nje ya kanisa.

"Kule Marekani," alisema huku akipandisha miwani, "walitangaza zamani kwamba watu wote wameumbwa sawa."

"Na watumwa walikuwapo, Waitu?" Mwijage aliuliza.

"Walikuwapo."

"Wa nani?"

Lwakatare alikohoa. "Wa... haohao waliotangaza. Uhuru una hatua zake, Mwijage! Baadaye vita vikapiganwa, watumwa nao wakaachiliwa."

"Wakapewa mashamba?"

"Wakapewa uhuru!"

"Na mashamba, yalilimwa na nani?"

"Na wao."

"Yakabaki kwa nani?"

"Kwa mabwana wenyewe, bila shaka."

Mwijage alipiga magoti palepale kwenye vumbi. "Basi nisamehe, Waitu. Uhuru huo mpe mwingine. Mimi niache nilivyo."

Mkewe, Kokubanza, aliangua kilio kikubwa kuliko machozi yenyewe. Watu wakaona aibu. Wengine walisema Mwijage ameinama miaka mingi mno, mgongo umesahau kunyooka. Vijana wakaanza kumwita Mtumwa wa Marekani, naye akawa anaitika.

Tusimcheke sana. Kibanja kile alikipenda kuliko alivyojipenda mwenyewe. Baba yake na babu yake walizikwa chini ya migomba, na ile mikongwe kabisa ilipandwa na ukoo wao kabla Mukama hajampa mtu yeyote chochote. Kila asubuhi aliizungukia, akigusa shina hili na lile, na wazo la kuhama lilimkata maini.

Kadiri alivyokataa kuwa huru, ndivyo Lwakatare alivyozidi kumlazimisha. Alimtangazia uhuru kanisani, akamtangazia sokoni, akamtangazia kwenye msiba wa watu. Kila mara Mwijage alimfuata na mkungu wake wa ndizi akiomba upokelewe, na kila mara mtwazi aliusukuma pembeni.

"Maneno ya sokoni ni upepo," Mwijage alisema mwishowe, akilia. "Mbele ya baraza la gombolola huwezi kuyasema hayo. Huko wanaapisha. Utaogopa."

"Niogope? Mimi?" Lwakatare alijipiga kifua.

Siku ya baraza watu walifurika, wengine walitoka mbali kama Muleba. Mkuu wa gombolola, mtawala na hakimu wa eneo lile, mzee Rutashobya, alikuwa ameketi na macho yamefumbwa nusu, maana kesi za asubuhi zilikuwa za mbuzi.

Lwakatare aliapa kwa sauti iliyofika barabarani. Aliapa kwamba Mwijage na watu wengine wote ambao yeye Lwakatare aliwarithi wako huru, kwamba yeye si mtwazi wao tena, wala watoto wake, wala wajukuu wake, na kwamba hawadai chochote.

"Usiseme hivyo, Waitu!" Mwijage alilia, paji la uso likiwa chini. Kokubanza akajibwaga mavumbini, akagaragara.

Lwakatare alimtazama kwa dharau, akaapa tena tangu mwanzo.

"Na kwa kuwa si mtu wangu tena," alimalizia, akifuta miwani, "naomba ahame kwenye kibanja changu kabla ya msimu wa kupanda mibuni."

Rutashobya alifumbua macho yote mawili.

"Kibanja chako ulikipata wapi?"

"Mukama alimpa babu yangu."

"Alimpa nini hasa?"

"Alimpa watu wa hapa, na..." Lwakatare alisita.

"Na nini? Mukama alipanda migomba?"

Mzee Rutashobya aliinamia mbele.

"Babu yako alipewa watu," mzee alisema taratibu. "Watu hao umewaachia huru, na wote tumesikia. Sasa hapo kwao unadai nini?"

Lwakatare alivaa miwani, akaitafuta kofia yake.

Mwijage alisimama, akajikung'uta vumbi magotini, akamwinamia mkewe aliyekuwa bado anagaragara.

"Acha kulia sasa, Kokubanza," alisema. "Ameapa mara mbili."