Maneno Laini

Tangu toleo jipya la kivinjari cha simu, programu ya kusomea mtandao na ujumbe, litoke, maneno makali hulainishwa kabla msomaji hajayaona, na hakuna anayeruhusiwa kukizima kipengele hicho. Bi Mwanakheri alizoea kusoma ujumbe wa bintiye Saumu: “Nitakuja nikipata nafasi, mama.” Kila Ijumaa alifua mashuka ya chumba cha binti huyo hadi mgongo ukamuuma.

Jana Saumu alipiga simu.

“Mama, mbona bado unanisubiri? Nilishakuandikia kwamba sirudi kwenye nyumba ya mume wako.”

“Uliandika hivyo?”

“Mara ngapi, mama!”

Simu ikakatika. Baadaye ujumbe wa Saumu ukaingia: “Nimefurahi kuisikia sauti yako.”

Bi Mwanakheri aliusoma tena na tena. Hakuwa na nguvu za kumpigia amuulize ameandika nini hasa.