Swali la Rangi Tatu

"Ruka hilo," alisema Shangazi Kwanini. "Tuchukue lile la kuku."

Mtayarishaji alimtazama kupitia kioo cha studio. Tangu waanze podikasti ile ya maswali ya watoto, Shangazi hakuwahi kuruka swali. Alishaeleza kwa nini bahari ina chumvi, kwa nini kamasi hugeuka kijani, kwa nini mtu hawezi kujitekenya mwenyewe akacheka. Watoto walimpenda kwa sababu hakuwafanya wajinga.

"Mbona swali lenyewe zuri," mtayarishaji alisema. "Au leo limekupiga chenga?"

Fundi mitambo, kijana aliyeanza kazi juzijuzi, alicheka akaicheza tena rekodi ya swali hilo. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, ananong'ona kama aliyejifunika shuka gubigubi.

"Shangazi Kwanini, shikamoo. Kwa nini mtu akivilia damu panakuwa zambarau, halafu kijani, halafu manjano?"

Uso wa Shangazi uliwaka moto. Aliinamia maikrofoni, akaanza kupekuapekua karatasi zake.

"Siku hizi unakuja hujajiandaa," mtayarishaji alimtania. "Ndiyo maana hutaki tupige video. Unaogopa watoto watakuona unavyobabaika."

"Watoto wanasikiliza. Kuniangalia kutawasaidia nini?" Alijibu haraka mno, akakohoa. "Haya, washa."

Taa nyekundu ikawaka.

"Marahaba, mpenzi. Chini ya ngozi kuna vijishipa vyembamba kama uzi. Ukigongwa kwa nguvu vinapasuka, damu inamwagika humohumo ndani, haina pa kutokea. Basi mwili unaanza kufanya usafi. Unaivunjavunja ile damu taratibu, na kila hatua ina rangi yake. Ukiona manjano, ujue usafi unakaribia kwisha. Ndiyo hivyo tu, mpenzi."

Kile kicheko kilichozoeleka ndani ya sauti yake hakikuwemo. Mtayarishaji alitikisa kichwa. Itabidi warudie.

"Ngojeni, kuna kipande kingine," alisema fundi. "Nilidhani amemaliza, kumbe alinyamaza tu."

Akabonyeza kabla Shangazi hajainua mkono kumzuia.

"Na ile manjano ikiisha, mbona inakuja zambarau nyingine palepale? Mama anasema anajigonga mlangoni. Lakini nimepima kitasa. Kinamfikia kiunoni, hakifiki begani."

Kiyoyozi kilisikika kikivuma.

"Kuna mama wa watu anapigwa," mtayarishaji alisema hatimaye.

"Na anamdanganya mtoto!" Fundi alivua vipokea sauti akavitupa mezani. "Mtoto ana akili zote hizi, kazi yake kusoma rangi kwenye mwili wa mama yake. Mimi ningemuuliza mama huyo, hivi wewe huoni haya?"

"Anaona," alisema Shangazi.

"Angeona angeondoka."

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, anazikunjakunja ncha za mtandio wake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mtayarishaji alimwonea huruma. Alijua jinsi anavyowapenda watoto wa kipindi, utadhani kawazaa yeye wote.

"Usijilaumu," alimwambia. "Hata mimi nilidhani ni swali la sayansi tu."

Kisha akachukua simu ya kipindi, ile inayopokea maswali kwa namba tupu bila jina la mtu.

"Mtoto huyu katumia simu ya mama yake, bila shaka. Nampigia. Nina dada yangu anasaidia wanawake wa namna hiyo, atajua pa kuanzia."

"Usimpigie." Shangazi alinyanyuka nusu, akakaa tena. "Tafadhali. Pengine yuko mbele ya watu. Utamwaibisha."

"Aibu itapita, mwenzangu. Mimi namtaka awe hai."

Akabonyeza namba, akaiweka simu sikioni, akawanyooshea kidole wenzake wanyamaze.

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Kwenye spika zote za studio, maikrofoni ikaleta mtetemo wa simu kutoka ndani ya mkoba wa Shangazi Kwanini.