Ukurasa wa Mama Vernell

Nilikuwa nimekwisha kushika kipaza sauti mbele ya waumini wote nilipoona alichokiandika mama yangu.

Ilikuwa Siku ya Akina Mama, na wanawake wa kanisa letu la Detroit walikuwa wakizindua kitabu chao cha kuwatia moyo akina mama Weusi, kila mmoja akiwa ameandika ukurasa wake. Walinichagua niwasomee kwa kuwa nilisoma shule ya bweni, na matamshi yangu hayana dosari.

“Nilimpelekea mwanangu keki ya viazi vitamu shuleni kwake, Siku ya Akina Mama,” aliandika. “Nikamwona kifuani ana ua jeupe, la waliofiwa na mama. Sisi wenye mama hai huvaa jekundu. Niliiacha keki mlangoni, nikaondoka.”

Kidole gumba changu kilikuwa kimelowanisha pambizo ya ukurasa.

“Soma basi, baba! Au shule yenu ilifundisha uchoyo?” alipaza bibi mmoja, na watu wakaangua kicheko.

Mama Vernell, mama yangu, aliketi safu ya mbele. Hakucheka.

“Ruka huo, mwanangu,” alisema taratibu. “Soma wa mwenzangu.”

Niliufunua ukurasa uliofuata, nikasoma wa mwenzake.