Kisiki cha Netiwaki

Wacera alisimama juu ya kisiki, mahali pekee penye netiwaki katika loji ile ya msituni alikokwenda kikazi, na siafu wakaanza kumpanda mguuni.

"Usisogee, dada," mhudumu alikuwa amemwonya. "Ukishuka tu, simu inakatika."

Simu ikaita. Ilikuwa kutoka nyumbani, Eldoret.

"Mami, binti yangu, uko wapi?" Baba aliuliza, huku watu wakicheka nyuma yake. "Wakwe wamefika, mbuzi wameletwa, na mimi nimeshika kikombe cha muratina, pombe yetu ya uchumba. Unajua siwezi kukinywa kabla hujaniambia ninywe; nikinywa, umekubali kuolewa. Nimeweka spika, wazee wote wanakusikia. Haya, tunywe?"

Mchumba wake Wacera alikuwa mpole mbele za watu. Wakibaki wawili, alikuwa akimpiga.

Siafu mmoja alimuuma nyuma ya goti, wa pili akamuuma juu zaidi. Wacera alitazama chini. Hatua moja tu, netiwaki ingepotea. Baba angelaumu simu, wazee wangenywa soda na kuja siku nyingine, na hakuna ambaye angeaibika leo.

"Anaona haya tu," ikasema sauti ya mchumba kwenye spika. "Mzee, wewe kunywa. Atazoea."

Kicheko kikapanda.

"Nyamazeni kwanza," Baba akasema, na sauti yake ikashuka. "Mami? Ninywe?"

Mguu uliwaka moto. Wacera akauacha palepale.

"Usinywe, Baba," alisema. "Mwaga."