Mashine Isiyojua Talaka

Mashine ilikuwa imeandika kila kitu sawasawa isipokuwa neno moja. Mwanarehema aliisoma ile karatasi akiwa amesimama dukani kwa Kefa, pale Kongowea, kisha akarudi mwanzo akaisoma tena. Kwenye kaseti alikuwa amesema, "Rashid, rudi nyumbani ama unipe talaka yangu." Karatasi ilisema, "Rashid, rudi nyumbani ama nitaendelea kukusubiri."

"Mimi sikusema hivi," alisema.

Kefa aliichukua karatasi akaikunjia uso. Alikuwa mtu wa bara, na hakuna jambo alilokosa kuwa na maelezo yake. "Hiyo ni ghala, dada. Ona. Kaseti inacheza hapa. Sauti inaingia kwa hii waya, inaenda huko ndani kwa ghala ya maneno. Kompyuta inatafuta neno, ikilipata inaandika. Sasa hilo lako halimo."

"Talaka haimo? Mombasa hii?"

"Nitaliingiza."

Waya ulipita kwenye tundu la ukuta wa plaiwudi. Mlango wa chumba cha nyuma yake ulikuwa umebandikwa onyo: USIINGIE, GHALA LINATAKA BARIDI. Kefa peke yake ndiye aliyeruhusiwa. Aliingia, akakawia kidogo, akatoka akijifuta jasho.

Kilichomleta Mwanarehema kutoka Likoni hadi huku ni kibao cha nje: KOMPYUTA INASIKIA NA KUANDIKA, MTU HASIKII. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kiasi kwamba hata yeye mwenyewe ulimshinda kuusoma. Waandishi wa barua pale posta aliwajua, na midomo yao aliijua zaidi. Kumpelekea kaseti yenyewe nako hakukufaa. Huko Maskati, Rashid alisema, wanaume wanalala chumba kimoja na redio ni moja, kaseti ya mmoja ni ya wote.

Na za Rashid zilikuwa hivyo hivyo. Kila akipatikana msafiri ililetwa kaseti, ikawekwa kwenye redio ya mkwewe, Bi Mwanakheri, na majirani wakajaa sebuleni. Rashid aliwasalimu wote kwa majina hadi utepe ukakaribia kwisha, ndipo akasema, "Na Mwanarehema pia." Katika ile ya mwisho alilalamikia mvua, wiki nzima hakutoka nje. Bi Mwanakheri aliwaambia majirani kumbe hata Uarabuni kunanyesha kama kwetu. Mwanarehema hakuwa akisikiliza habari za mvua. Tangu mwaka wa tisini mume anarudi mwakani, na sasa ni tisini na tano. Alitaka mume, na kama hakuna mume, alitaka ruhusa ya kuishi.

Kefa aliirudisha kaseti nyuma, akaichezesha tena. Printa ikalia. Safari hii karatasi ilisema, "Rashid, rudi nyumbani ama unipe muda kidogo."

"Unipe muda? Mimi ndiye ninayeomba muda?"

"Ghala bado inajifunza. Tujaribu tena."

Wakajaribu tena. "Rashid, rudi nyumbani, mume wangu kipenzi."

"Kipenzi!" Mwanarehema aliipiga meza kofi. "Kipenzi nani kamtia humu?"

Kefa mwenyewe aliduwaa. Aliutazama ukuta wa plaiwudi, akamtazama mteja. "Wallahi dada," alisema, naye si mtu wa kuapa hivyo, "jana hii mashine imeandika matusi ya mtu na shemeji yake, haikuruka hata moja. Labda ni sauti yako, ni laini sana. Leta mtu mzima, mwenye sauti kavu, aseme kwa niaba yako."

Mwanarehema alivuka feri akiwa na uchungu wa kweli. Ndugu za Rashid walikuwa upande wa Rashid, shehe alikuwa upande wa Rashid, na sasa hata mashine imepita mle mle.

Mtu mzima mwenye sauti kavu alikuwa mmoja tu maishani mwake. Alimweleza Bi Mwanakheri yote, hata lile neno, macho yameganda sakafuni, akingoja kufukuzwa.

Bi Mwanakheri aliendelea kuchambua mchele. "Rashid nimemzaa, nampenda," alisema mwishowe. "Lakini anayenichemshia uji ni wewe. Mke si mzigo wa kuwekwa bandarini hadi mwenyewe akumbuke. Hiyo mashine i wapi?"

Asubuhi yake walifika Kongowea wamevaa mabuibui, wakapenya baina ya magunia ya viazi na malori yaliyozuia njia.

"Shikamoo, mama," alisema Kefa.

"Marahaba, mwanangu. Nasema wapi?"

"Si mmekuja na kaseti?"

"Kaseti ya nini, na mwenyewe nipo?"

Kefa alichomeka maikrofoni kwenye ule waya wa ghala, akampa, akamwonyesha kiti. Bi Mwanakheri hakukitazama. Alikishika kile kijiti mbali na uso, hakukiamini.

"Naanza tu?"

"Anza tu, mama. Sema kama vile yeye yuko hapa."

Mwanarehema alifumba macho akaomba Mungu safari hii neno litoke. Bi Mwanakheri alisafisha koo. Hakupata hata siku moja kuzungumza na mwanawe bila ya kumwita kwanza, naye hakuona kwa nini aanze leo kwa sababu ya mashine.

"Rashid!"

Na nyuma ya plaiwudi, ghala likaitika:

"Labeka, mama!"