Mtani Kaburini

Kabla ya kupiga yowe la msiba, Walburga alimvalisha mumewe sweta la shingo ndefu, akaosha vikombe viwili vya pombe ya komoni vilivyokuwa mezani, akachoma kamba jikoni mpaka ikawa majivu. Ndipo akatoka uani akalia, na mtaa mzima wa Majengo ukakimbilia kwake.

"Ni presha," aliwaambia majirani. "Nimetoka kwa mama, kijijini Mpitimbi, nimemkuta kitandani ameshapoa."

Hakumkuta kitandani. Alimkuta stoo, ananing'inia kwenye boriti. Alikata kamba, akamburuta peke yake hadi chumbani, pande la mtu lile. Siku hizo padre hakumzika mtu aliyejinyonga: hakuna misa, hakuna kengele, hakuna msalaba. Walburga aliona heri aungue yeye motoni kwa uongo wake kuliko Osmund azikwe kama mbwa.

Na sababu hakuitafuta mbali. Osmund Komba alikuwa mrushaji wa kriketi, mchezo ambao watu wa Songea waliujua kwa ajili yake tu. Alikwenda Dar es Salaam kubeba mizigo, akaingia kwenye kiwanja cha Wahindi kuwaokotea mipira, na siku walipomwachia arushe mmoja, mpigaji alitupa gongo lake akakimbia. Akaichezea timu ya taifa, akafika Nairobi, akafika Ulaya. Mpira wa kriketi ni mgumu kama jiwe. Kazi ya mrushaji ni kuangusha vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, lakini Osmund alilenga vichwa. Kabla ya kurusha alimwuliza mtu jina la mama yake, eti ajue wa kumpelekea pole. Wapo waliojifanya wagonjwa waliposikia anacheza.

Kisha goti likamwisha. Miaka ya ruksa, ya soko huria, ilipokuja, shirika la umma lililomwajiri likauzwa, naye akarudi nyumbani kuuza mitumba. Mkono uliotisha nchi nne ukabaki wa kukunja suruali za watu. Mtu wa namna hiyo akijinyonga, nani atashangaa?

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, padre alifika, akasimama kando ya jeneza.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina, Padre."

"Sweta, na joto hili la Novemba?"

"La timu, Padre. Alitaka azikwe nalo."

Padre akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kuvaa kanzu yake.

Aliyebaki kumtia hofu alikuwa Rupert. Huyu alikuwa Mhehe wa Iringa, mtani wa Wangoni, kabila la Osmund, na zamani alikuwa mpigaji katika timu ileile ya Osmund. Siku moja, mazoezini tu, Osmund alimpasua jicho la kulia. Alikwenda akaokota mpira wake, akaufuta damu kwenye suruali, akauliza nani anafuata. Kwa miaka kumi alikisimulia kisa hicho kilabuni huku akicheka, na Rupert alicheka naye, maana utani hauna kununa. Sasa Rupert alikuwa akinunua mahindi katika vijiji vya Songea, akipakia magunia kwa mgongo wake mwenyewe. Msibani alifika kabla ya wageni wote, tangazo la kifo likiwa halijasomwa redioni.

Walburga aliwajua watani. Msibani husema lolote, humwigiza marehemu, hushika wanachotaka, na ni mwiko kuwakasirikia. Je, akilivuta sweta kwa mzaha?

Wakati wa kuaga, Rupert aliinama juu ya jeneza, akashika ile shingo ya sweta. Rupert akaivuta juu kidogo, akaiweka sawa, akampisha aliyefuata.

Ameona, Walburga akawaza. Ameona, na amenionea huruma. Machozi yakamtoka upya, na safari hii yalikuwa ya shukrani.

Makaburini Rupert alirukia ndani ya shimo kabla jeneza halijateremshwa. Akamwigiza Osmund: kifua mbele, goti bovu, kidole kikimwonyesha mtu paji la uso. Watu wakacheka huku wakilia.

"Wangoni, mnamtafuta mchawi wa nini?" akapaza sauti. "Huyu nimemuua mimi!"

"Ulimwezaje, jicho moja wewe?" akauliza Egidi, mdogo wa marehemu.

"Nilimpelekea komoni! Mngoni na cha bure, mnamjua!"

Kicheko kikalipuka. Hata padre alificha mdomo nyuma ya kitabu chake. Walburga naye akacheka, mara ya kwanza tangu jana, na kifua kikawa chepesi.

"Sitoki humu," Rupert akasema, "mpaka mjane anituze."

Walburga akatoa koti la timu alilokuja nalo, lile la safari za Ulaya, akampa kwa moyo mweupe kabisa. Rupert akalivaa, akanyoosha mkono, na Walburga akamsaidia kupanda juu. Jeneza likashuka. Kengele ya kanisa ikalia, padre akanyunyiza maji ya baraka, na mafundi wakasimamisha msalaba wenye jina kamili la Osmund. Yote aliyoyataka yalikuwa yametimia.

Watu walipoanza kutawanyika alimsogelea Rupert, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akulipe, shemeji," akanong'ona. "Uliona, ukanisitiri."

Rupert akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio lake.

"Alikuwa mzito, shemeji. Kumpandisha kulinitoa jasho," akasema taratibu. "Asante kwa kumshusha."